Maman Nsimire Aliyetuchagulia Sauti

Jumamosi hii, tarehe 28 Julai 1990, Maman Eulalie Nsimire anatimiza miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku ishirini na saba ya kazi katika Foyer Tumaini ya Kadutu, jumba letu la michezo ya kuigiza hapa Bukavu. Siku hizo ishirini na saba ameziomba mwenyewe zitajwe kwenye programu hii. Asema alizifanya zote, hakuna hata moja aliyoiba.

Tunaandika Eulalie kwa furaha, maana tangu serikali ilipokataza majina ya Kikristo, jina hilo la ubatizo halikuonekana kwenye karatasi yoyote ya ofisi yetu kwa karibu miaka kumi na minane. Mwaka huu ruhusa imerudi. Wengine wetu tumefanya kazi naye muda wote huo tukidhani hana jina jingine zaidi ya Nsimire, na yeye hakuona haja ya kututoa gizani. Katika mistari inayofuata kila mtu amepewa jina analoitwa na mama yake.

Alizaliwa katika kijiji cha Miti mwaka 1934, katika nyumba ya wakulima wenye migomba mingi na watoto wengi zaidi ya migomba. Akiwa msichana alishuka Bukavu kujifunza kushona kwa masista. Chumba cha kushonea kilikuwa na cherehani kumi na nne zilizokuwa zikilia kwa pamoja kutwa nzima, na sista msimamizi alisoma vipimo vya wateja akiwa amesimama mlangoni. Msichana aliyesikia «sita» pale paliposemwa «tisa» aliharibu shati la mtu, kisha akakaa Jumapili nzima akilishona upya. Nsimire aliharibu mashati mawili mwezi wa kwanza. Baada ya hapo hakuharibu tena. Masista walidhani amepata uzoefu wa mkasi, kumbe alikuwa amejifunza kusikiliza.

Foyer ilimwajiri tarehe mosi Machi 1958 kuwa mshonaji wa mavazi ya michezo ya jukwaani. Wazee wa kikundi wanakumbuka alivyowavisha wafalme watatu wa Noeli kwa shuka moja ya kitanda, na bado kikabaki kitambaa cha kumfunika punda. Mwaka 1967, vita vilipoingia mjini na watu kukimbia, yeye alipanda kwa miguu hadi Miti akiwa amejitwika pazia la jukwaa, mahameli nyekundu mita kumi na nane. Njiani aliulizwa kwa nini hakubeba sufuria zake. Alijibu kwamba sufuria zitanunuliwa tena, lakini mahameli kama ile haiko sokoni. Tuliporudi tulikuta jumba halina viti, halina milango, halina hata balbu. Pazia lilirudi wiki iliyofuata, likiwa juu ya kichwa kilekile.

Mwaka 1970 alikabidhiwa ufunguo wa stoo. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, naye akawa analea watoto wanne kwa mshahara wa Foyer na kwa nguo alizoshonea majirani. Tunalitaja jambo hili kwa sababu bila kulijua, msomaji hataelewa uzito wa alichokifanya mwaka 1978. Habari hiyo tumeamua kuisimulia kwa urefu. Mengine ya maisha yake ya kazi yatatusamehe.

Mwezi wa nane mwaka 1977 tulicheza mchezo wa nyimbo ambao hatupendi kuutaja jina. Tulikuwa tumeazima vipaza sauti vya tarumbeta, vile vya kutangazia mambo uwanjani, tukavitundika ukutani nyuma ya wachezaji. Kila muimbaji alipofungua kinywa, vyombo vilipiga filimbi kali hata watoto wakaziba masikio. Mahali pa kulia watu walicheka. Mahali pa kucheka hawakusikia neno. Kabla ya nusu ya mchezo mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu, na mwishoni tuliinama kuwashukuru watazamaji wasiozidi arobaini, wengi wao wakiwa ndugu zetu.

Miezi michache baadaye mfanyabiashara mmoja wa mjini aliomba kulifanya jumba letu kuwa ghala la simenti. Papa Stanislas, mwenyekiti wa kamati wakati huo, alikuwa mtu wa maneno machache, tena asiyependa kudanganya. Alituita wote, akatueleza kwamba jumba lisilo na watazamaji ni ghala tayari, tofauti ni kwamba halina simenti. Aliamua tucheze mchezo mmoja zaidi. Watu wakikaa hadi mwisho, tutaendelea. Wakiondoka tena katikati, yeye mwenyewe atapeleka funguo kwa mfanyabiashara.

Mwalimu Théodore, mkurugenzi wa kikundi, alikuwa na mchezo mpya mkononi. Ulihusu binti wa Idjwi anayevuka ziwa kuja kuolewa Bukavu, na namna anavyogundua kidogo kidogo kwamba ameletwa kuwa mtumishi wa nyumba ya wakwe zake. Mwishoni binti anamwandikia mama yake barua, na barua yenyewe anaiimba. Mchezo wote unakaa katika wimbo huo. Anayeusikia anaelewa kwa nini binti anaamua kubaki ama kurudi. Asiyeusikia anaona msichana amesimama na karatasi.

Nafasi ya binti ilikuwa ya Adolphine, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa uuguzi. Alikuwa na sauti ndogo na safi, ya kuimbia mtu mmoja aliye karibu. Katika mazoezi, aliyekaa benchi la tano alimsikia vizuri, aliyekaa la kumi alikisia, na jumba letu lina mabenchi ishirini na manne. Mwalimu Théodore alimpenda kama muimbaji, lakini aliogopa. Alisema waziwazi kwamba lazima vipatikane vyombo vikubwa, ama sivyo atamtoa Adolphine na kumweka mwingine mwenye kifua.

Kamati ilikuwa na akiba ndogo iliyotokana na nyimbo za harusi ambazo kikundi kiliimba mwaka mzima. Ilitosha kununua vyombo mara moja tu. Papa Stanislas alimteua Mwalimu Théodore kuvitafuta, na Maman Nsimire kufuatana naye, kwa sababu ndiye atakayevitunza stooni. Hakuna aliyefikiri kwamba mtunza stoo atakuwa na neno la kusema.

Walianzia mtaa wa Nyawera, kwa Papa Jean-Baptiste, aliyekuwa akiuza vyombo vya okestra moja iliyovunjika. Vilikuwa vyombo vya kupendeza macho: ampli ya kukuza sauti yenye taa nyekundu, mikro sita za kuimbia, na bafle mbili, spika ndefu kama kabati la nguo. Papa Jean-Baptiste aliweka sahani ya muziki, akafungua sauti, na mtaa mzima ukaanza kutikisa mabega. Mwalimu Théodore alirudi Foyer jioni ile na uso wa mtu aliyepata mchumba.

Kesho yake Maman Nsimire alirudi Nyawera na Adolphine tu. Alikuwa ameandika maneno ishirini kwenye karatasi, maneno yanayofanana: paka, taka, kata, pata, sita, tisa, shina, sina, na mengine ya namna hiyo. Aliomba sahani iondolewe. Akamwachia Adolphine karatasi na mikro ayasome kwa mpangilio autakao, akavuka barabara, akageuka akatazama ukuta, na kuandika kila neno alilosikia. Papa Jean-Baptiste alimuuliza kama amekuja kununua vyombo ao kufanyisha batu dikte, ile imla ya shuleni. Alipovuka barabara kurudi, kati ya maneno ishirini alikuwa ameandika tisa sawasawa.

Kisha akasikia, kwa binamu yake wa Miti, kwamba katika shamba moja la kwinini la upande ule kulikuwa na vyombo vya jumba la wafanyakazi vilivyokaa bila kazi tangu mwenye shamba alipoondoka nchini. Jumamosi alipanda huko na Adolphine na karatasi yao. Waliletewa ampli ndogo ya rangi ya majivu, mikro mbili nzito, na bafle mbili nyembamba ambazo mtu angeweza kuzibeba kwapani. Hazikuwa na taa nyekundu. Walizisimika uani, Maman Nsimire akaenda akasimama kwenye shina la mgomba wa mbali, akageuka. Alipata maneno kumi na nane.

Jumatatu aliomba kusema mbele ya kamati. Alieleza kwamba vile vya Nyawera vina nguvu ya ngoma na gitaa, lakini maneno vinayameza. Vile vya Miti ni vidogo, ila vinatoa neno likiwa na meno yake yote. Aliongeza jambo ambalo wanaume watano wa kamati hawakulifikiria: vya Nyawera vitakula akiba yote, wala haitabaki ya kununulia nyaya. Vya Miti vitachukua chini ya nusu, na itakayobaki atajua la kufanya nayo.

Mwalimu Théodore alisikitika sana. Alikumbusha kwamba mwaka uliotangulia tulichekwa, na kwamba kwenda mbele ya watu na visanduku viwili vya kwapani ni kutafuta kuchekwa tena. Wengi wa kamati walikuwa upande wake. Mwandishi wa mistari hii, aliyekuwa katibu mpya siku hizo, alikuwa upande wake kwa nguvu zote, na aliwahi hata kusema kwamba habari za umeme si habari za sindano.

Maman Nsimire alimtazama Mwalimu, si katibu.

«Batu habakuye kusikia mashini,» alisema. «Banakuyaka kusikia ule mutoto anasema nini.»

«Na kama batu batatoka, Maman?» Mwalimu aliuliza.

«Kama batu batatoka, nitaleta ufunguo ya stoo hapa ku meza. Sitauliza tena kazi.»

Sote tulijua watoto wanne wako nyumbani. Papa Stanislas hakupigisha kura. Alisema tu kwamba kesho yake kamati nzima itakwenda Nyawera kufanya dikte.

Tulikwenda. Tulisimama ng'ambo ya barabara watu wazima watano, tumegeukia ukuta kama watoto walioadhibiwa, kila mmoja na penseli yake, huku wapita njia wakituuliza tumekosa nini. Papa Stanislas alipata maneno kumi. Mwalimu Théodore, kwa heshima yake, alipata manane, na ni yeye mwenyewe aliyeyahesabu mara mbili. Katibu alipata saba. Aliandika «paka» pale paliposemwa «kata», na hadi leo hii hajasamehewa. Papa Stanislas alimshukuru Papa Jean-Baptiste kwa uvumilivu wake, tukarudi Foyer. Vyombo vya Miti vilishuka Kadutu siku ya tatu, juu ya gari la makabichi.

Hata hivyo Mwalimu Théodore aliweka sharti. Siku ya zoezi kuu, Adolphine asiposikika hadi ukuta wa nyuma, nafasi yake itapewa muimbaji mwingine. Maman Nsimire aliona sharti hilo ni la haki.

Zilibaki wiki sita. Kwanza alikataa bafle ziwekwe nyuma ya wachezaji, akazisimamisha mbele, kwenye ncha mbili za jukwaa, kwa urefu wa mtu mzima, zikitazama mabenchi. Alieleza kwamba mwaka uliotangulia mikro ilikuwa inasikia sauti yake yenyewe ikitoka nyuma, ikairudia, ikajisikia tena, na ndipo ile filimbi ilipotoka. Tulishangaa jinsi jambo hilo lilivyokuwa rahisi, na jinsi sisi sote tulivyolipita kando.

Halafu likaja suala la mikro mbili kwa waimbaji tisa. Alichukua chaki yake ya kushonea, akachora misalaba miwili sakafuni, akawaomba waimbaji kila mwenye wimbo wake aje aimbie juu ya msalaba. Mwalimu Théodore alilalamika kwamba anavurugiwa mchezo. Ilimbidi apange upya nani anaingia wapi na nani anampisha nani. Baada ya wiki moja aliacha kulalamika. Wachezaji waliokuwa wakikimbiakimbia jukwaani sasa walikuwa na sababu ya kusimama.

Ukabaki ukuta wa nyuma, wa simenti tupu, pamoja na mabati juu. Sauti ilifika pale safi, ikagonga, ikarudi na kukutana na neno lililofuata. Maman Nsimire alikuwa amegundua zamani kwamba pazia likifungwa jumba linatulia, na likifunguliwa linaanza kupiga kelele. Kwa pesa iliyobaki alinunua nyaya, akanunua magunia matupu yaliyokuwa na mchele kutoka Luberizi. Aliyafua, akayafumua, akayaunganisha kwa cherehani yake, akayatundika kwenye ukuta wote wa nyuma kutoka dari hadi sakafu. Yalinuka mchele kwa muda wa mwezi. Watu walioingia walidhani kuna karamu.

Siku ya zoezi kuu Mwalimu Théodore alikwenda mwenyewe kukaa benchi la ishirini na nne, mgongo kwenye magunia. Adolphine alisimama juu ya msalaba, akaimba barua. Hakupandisha sauti. Aliimba vilevile alivyozoea, kama anayemwambia mtu mmoja aliye karibu. Alipomaliza, Mwalimu hakuinuka. Alisema kutoka kulekule nyuma, kwa sauti isiyohitaji mikro, kwamba nafasi ni ya Adolphine, na kwamba mistari miwili ya mwisho ataiandika upya, maana kwa mara ya kwanza ameisikia vizuri na ameona ni mibaya.

Tulicheza Jumapili tarehe 10 Septemba 1978, saa tisa ya mchana. Watu walijaa. Wengi, tuseme ukweli, walikuja kutazama aibu ya pili. Walipoziona bafle zetu palipita kicheko kidogo kutoka benchi hadi benchi, na katibu aliyekuwa mlangoni alitamani kuwa mahali pengine. Maman Nsimire alikaa kando ya jukwaa mbele ya ampli yake, kitambaa kipya kichwani, mkono mmoja juu ya kitufe.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Watu walicheka mahali pa kucheka. Mama mkwe alipomwonyesha binti rundo la vyungu vya kuosha, mwanamke mmoja wa katikati alimjibu kwa sauti, na wenziwe wakamwambia anyamaze wasikie. Hilo neno, wasikie, katibu alilisikia akiwa mlangoni, akaanza kupumua.

Kisha, Adolphine alipotoa karatasi ya barua, mvua ikanyesha.

Wakaaji wa Bukavu hawahitaji kuelezwa mvua ya kwanza ya Septemba juu ya mabati. Haikuanza kidogo kidogo. Ilimwagika kama changarawe. Adolphine aliimba neno la kwanza, tukaona midomo yake ikienda tu. Mwalimu Théodore, aliyekuwa upande wa pili wa jukwaa, alimwashiria Maman Nsimire kwa mikono miwili apandishe sauti, apandishe hadi mwisho. Mabenchi ya nyuma watu walianza kugeukiana. Kila mmoja wetu wa kamati alikuwa akifikiria vile vyombo vya Nyawera.

Maman Nsimire aliteremsha kitufe hadi sifuri. Akainuka, akavuka jukwaa mbele ya watu wote kama anayevuka chumba chake, akamwambia Mwalimu sikioni maneno ambayo Mwalimu mwenyewe alitusimulia baadaye:

«Mwalimu, mvua hatutaishinda. Tuingoje.»

Kisha alimletea Adolphine kiti, akamfunika mabega kwa kitambaa, akarudi mahali pake. Adolphine akakaa, karatasi magotini, akiwatazama watu. Watu nao wakamtazama. Hapakuwa na la kufanya. Ilinyesha dakika ishirini na tano. Katika dakika hizo hakuna aliyeondoka, na katibu hakujipa moyo kwa hilo, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayetoka katika mvua ile.

Mvua ilikatika ghafla kama ilivyoanza. Nje kulisikika maji yakiteremka mifereji ya Kadutu, na kwenye mlango uliokuwa wazi mwanga wa jua uliingia. Sasa njia ilikuwa nyeupe kwa mtu yeyote aliyetaka kwenda nyumbani. Katibu alijisogeza pembeni ili awapishe.

Hakuinuka hata mmoja. Baba mmoja wa benchi la mwisho alimwomba katibu, kwa upole, afunge mlango, maana vijito vya nje vinamzuia kusikia. Mlango ukafungwa. Maman Nsimire akapandisha kitufe taratibu, Adolphine akasimama, akaimba barua yake tangu neno la kwanza. Jumba lilikuwa na watu zaidi ya mia tatu, na katika wimbo mzima katibu alimsikia mtu mmoja tu akikohoa. Kikohozi hicho kilikuwa cha Papa Stanislas, kama alivyokuja kukiri mwenyewe, naye hakuwa na mafua.

Kesho yake Papa Stanislas alimwandikia mfanyabiashara barua ya mistari mitatu. Simenti ilipata mahali pengine. Mwalimu Théodore alikuja stooni asubuhi, akamkuta Maman Nsimire akikunja nyaya, akamwomba msamaha bila mapambo. Yeye alimkabidhi ncha ya waya mmoja wamalizie kukunja pamoja. Kuanzia siku hiyo, katika kila mchezo hadi alipohamishiwa shule ya Uvira, Mwalimu hakuuliza tena kama mchezo umependeza. Aliuliza kama Maman amesikia.

Kamati ilimpa cheo kipya, mkuu wa vyombo na sauti, cheo ambacho hakikuwahi kushikwa na mtu yeyote pale, mwanamume wala mwanamke. Katibu ndiye aliyeiandika barua ya cheo. Aliiandika mara nne ili isiwe na kosa.

Miaka kumi na miwili iliyofuata vyombo vile vilitembea. Vilivuka ziwa kwenda Idjwi ndani ya mtumbwi wa mota, vimefungwa katika shuka la mpira kama watoto wachanga, vikafanya kazi kwa betri ya gari. Vilishuka Luberizi wakati wa mavuno. Viliimba harusi na matanga. Ampli ilikufa mara mbili na mara mbili ilifufuliwa. Jambo moja ambalo halikujulikana hadharani tunalifichua leo kwa idhini yake: kila mara mgeni rasmi alipopitisha dakika kumi za hotuba, Maman Nsimire aliteremsha kitufe kidogo kidogo, unywele kwa unywele. Waheshimiwa wengi wa mji huu wameketi wakiamini kwamba wamechoka.

Amefundisha watu saba kazi hii. Wote walianza kwa karatasi ya maneno ishirini, wakitazama ukuta. Adolphine, ambaye sasa ni muuguzi na mama wa watoto watatu, bado anakuja kuwasomea.

Imebaki kusema kwa nini anaondoka mwaka huu, wakati kamati ilikuwa imemwomba abaki miaka miwili zaidi. Wengi wameuliza, na uvumi umekuwa mwingi: kwamba amegombana na fulani, kwamba amepata kazi Goma. Yeye mwenyewe ametuomba tuandike ukweli. Tangu mwaka jana sikio lake la kushoto limeanza kuziba, na mwezi wa pili la kulia likafuata. Daktari hakumpa matumaini ya uongo. Hakuna aliyekuwa amegundua, maana kazi yake ilikuwa bado inakwenda sawa. Ni yeye aliyekuja ofisini, akakaa, akasema mbele ya kamati kwamba siku inakuja ambapo atapandisha kitufe mahali pa kuteremsha, na hataki muimbaji yeyote alipie siku hiyo.

Tulimwambia hakuna haraka, tungoje hadi Noeli, tufanye sherehe kubwa zaidi. Alikataa. Alisema tumuage sasa, akiwa bado anaweza kutusikia.

Ndiyo sababu leo, Maman, hotuba ni chache na nyimbo ni nyingi. Waimbaji wote wa tangu mwaka 1958 waliopatikana wako hapa, na kila mmoja ameahidi kuyatamka maneno yake vizuri. Asante kwa mavazi ya wafalme, kwa mahameli uliyoibeba, kwa watu waliobaki kwenye mabenchi yao. Nenda Miti kwa binti yako na wajukuu, uishi huko kwa afya na utulivu, migomba ikuzalie, na nyumba yako isikose watu. Keti sasa, Maman, benchi la mbele. Sisi tutaimba polepole.

Xavier Mushagalusa,
katibu wa Foyer Tumaini, kwa niaba ya wote